Kiwanja cha nyasi bandia mlimani Kigoma: soma dalili, tafuta chanzo, ndipo uguse kapeti

Nyumba nyingi za Kigoma zimekaa mteremkoni. Maji ya Ziwa Tanganyika yako kwenye kimo cha karibu mita 770 kutoka usawa wa bahari, na kutoka hapo ardhi inapanda: vilima vya mjini kwanza, kisha milima ya Kasulu, Buhigwe na Manyovu mpaka karibu na Burundi. Anayetaka kiwanja kidogo cha nyasi bandia nyumbani kwake, watoto waache kucheza barabarani, hana budi achimbe kilima upande wa juu na ajaze kifusi upande wa chini mpaka apate tambarare. Matatizo mengi ya kapeti la nyasi hizo huzaliwa siku hizo za sururu na toroli, kapeti lenyewe likiwa bado dukani.

Kwa hiyo ukiona kiwanja kinasumbua, usianze na kapeti. Panda juu ya kilima uangalie maji yanatoka wapi, shuka chini uangalie ukuta unaoshikilia kifusi, halafu ndipo urudi katikati. Nimeona watu wakilipa gundi mara mbili kwa tatizo ambalo mtaro wa siku moja ungelimaliza.

Hesabu zote hapa ni za kiwanja cha mita 10 kwa 20, yaani mita za mraba 200, kinachotosha watoto watatu kwa watatu au wavu wa voliboli. Vifaa vya uchunguzi ni vya kawaida: ndoo, jembe, uzi wa fundi, mpira wa maji wa kupimia usawa, bao la aluminiamu la mita 3 wanalotumia mafundi plasta, na kisu cha kukatia kapeti. Ukiweza, chunguza mvua ikinyesha. Dakika kumi ukiwa umesimama na mwavuli pembeni ya kiwanja zitakuonyesha mambo ambayo jua halionyeshi.

Dalili: maji yanatuama

Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu huku kati ya Novemba na Aprili, inaangusha lita 10,000 juu ya kiwanja cha ukubwa huu. Hayo ni ya kiwanja chenyewe tu. Bado ya kilima, na bado ya bati la nyumba: paa la mita za mraba 120 kwa mvua hiyohiyo linaongeza lita 6,000, na nyumba nyingi hazina mifereji ya paa.

Kwanza tazama rangi ya maji. Yakiwa mekundu ya udongo na yanaruka ukingo wa juu kuingia kiwanjani, chanzo kiko nje. Hata uweke kapeti la bei gani, udongo huo utaingia katikati ya nyuzi, utaziba matundu, na msimu wa pili magugu yataota juu yake. Dawa ni mtaro wa kukinga maji kati ya kilima na kiwanja: kina cha sentimita 40 hadi 50, uliojengwa kwa mawe au zege, na unaoshuka walau sentimita 1 kwa kila mita kuelekea pembeni. Mwisho wa mtaro panga mawe ili maji yapunguze kasi. Usiyaelekeze kwa jirani wa chini. Mvua kubwa ya kwanza itakugombanisha naye, na haki itakuwa yake. Juu ya mtaro panda vetiva au mabingobingo yashike udongo. Paa nalo liwekewe mfereji unaoingia kwenye tanki, maana hayo maji utayahitaji Agosti.

Maji yakiwa masafi lakini hayaondoki, chanzo kiko ndani ya kiwanja, na hapo ndoo inatosha kukupa jibu. Subiri pakauke. Chagua mahali panapotuama, kwangua mchanga uliojazwa kati ya nyuzi kwenye eneo la ukubwa wa sahani mpaka uone mgongo wa kapeti, kisha mimina maji taratibu. Yakipotea haraka, kapeti na msingi havina shida. Mchanga wako ndio umeziba. Yakibaki, fungua ukingo ulio karibu, inua kapeti, mimina maji juu ya msingi wenyewe. Msingi ukiyanywa, matundu ya mgongo wa kapeti yamejaa tope au ni machache mno. Yasafishe, na pale panapotuama tu ongeza matundu kwa msumari wa moto, mbali na maungio. Msingi usipoyanywa, pole sana, maana hapo kuna kufumua.

Mchanga kuziba ni jambo la kawaida zaidi, na mara nyingi uliletwa ukiwa na tope tangu siku ya kwanza. Mchanga wa mtoni huonekana msafi kwenye rundo. Chukua chupa ya maji ya plastiki inayoonyesha ndani, ijaze mchanga nusu, ongeza maji hadi karibu na shingo, tikisa kwa nguvu, iache mpaka kesho yake. Mchanga utatua chini mara moja. Tope litakaa juu yake kama utando wa rangi ya chai, na maji ya juu yatakuwa meupe au mekundu. Ukiona utando mnene, huo mchanga uoshwe au urudishwe. Chembe zinazofaa ni za duara, ngumu, za ukubwa wa nusu milimita hivi. Zenye kona kali zinakwaruza nyuzi na magoti ya watoto.

Msingi usiokunywa maji karibu kila mara ni wa moramu tupu. Moramu inashindilika vizuri na mafundi wanaipenda, lakini ikilowa inageuka kuwa sakafu isiyopitisha kitu. Iweke chini kabisa, juu yake lije tabaka la kokoto la sentimita 15 hadi 20 lililoshindiliwa, na mwisho sentimita 2 au 3 za vumbi la kokoto la kusawazishia. Kati ya udongo na kokoto weka kitambaa cha jiotekstaili, kuzuia tope lisipande na kokoto zisizame. Angalia pia kokoto za kugonga kwa nyundo, ambazo huku ndizo rahisi kupata. Zikiwa za saizi moja hazishikani. Ukipita juu yake zinatembea. Changanya saizi, kubwa na ndogo na vumbi lake, ndipo zifungane.

Kuna wanaomwaga zege badala ya kokoto. Sikatai, hasa pale ambapo kiwanja chote kimekaa kwenye udongo mama bila kifusi. Ila matundu ya kapeti hayana kazi juu ya zege, kwa hiyo kiwanja kizima lazima kilale upande mmoja. Asilimia 1 inatosha: kwenye upana wa mita 10, ukingo mmoja uwe chini ya mwingine kwa sentimita 10. Mchezaji hausikii mteremko huo, maji yanausikia. Pima kwa mpira wa maji. Kwa macho mlimani utadanganyika, kwa sababu kilima chote kimelala nyuma yako na jicho linakitumia kama kipimo.

Dalili: upande wa chini unazama

Hii ndiyo dalili inayonisumbua zaidi, kwa kuwa nyuma yake panaweza kuwa na hatari kwa watu. Utaona bonde refu, jembamba, linalokwenda sambamba na kilima, mara nyingi kuanzia katikati ya kiwanja kwenda chini. Mpira ukiuacha unaviringika wenyewe kwenda huko. Weka bao la mita 3 juu ya kapeti: uwazi chini yake ukizidi milimita 10, mchezo unaharibika, na ndicho kipimo kinachotumika hata kwenye viwanja vikubwa vya nyasi bandia.

Mstari huo kwa kawaida ndio mpaka kati ya udongo mama uliochimbwa na kifusi kilichojazwa. Udongo mama hauendi popote. Kifusi kinashuka, na kitashuka zaidi kama kilimwagwa chote kwa mara moja na kushindiliwa juu tu. Kompakta ndogo haifiki chini zaidi ya sentimita 20 hivi. Kifusi cha mita 1 na nusu kilichopitishwa kompakta juu ni kifusi kisichoshindiliwa. Kazi sahihi ni matabaka ya sentimita 15 hadi 20, kila moja likinyunyiziwa maji kidogo na kushindiliwa kabla ya jingine. Na kabla ya tabaka la kwanza, mteremko ukatwe ngazi. Kifusi kilichowekwa juu ya mteremko laini, wenye majani bado, kina njia ya kuteleza kikiwa kizima.

Kagua ukuta wa chini. Je, umepinda tumbo? Una ufa wa kulala katikati ya kimo chake? Matundu ya kutolea maji yapo, na mvua ikinyesha yanatoa maji? Ukuta mkavu wakati kilima chote kimelowa si habari njema: maji yako nyuma yake, yanausukuma. Zibua matundu kwa nondo. Kama hayakuwekwa kabisa, au ukuta umeinama, usitoboe mwenyewe. Waondoe watoto na mifugo upande wa chini, simamisha matumizi ya kiwanja, mwite mhandisi. Ukuta ukianguka usiku wa mvua hautabisha hodi.

Ukuta ukiwa mzima, swali linalobaki ni moja: kifusi kimemaliza kushuka au bado? Piga alama za rangi kwenye ukingo kila mita 5, upande wa juu na wa chini, pima tofauti zake kwa mpira wa maji mwezi Oktoba kabla ya mvua, upime tena Mei. Zikiwa zilezile, kifusi kimetulia: inua kapeti, jaza vumbi la kokoto, shindilia, rudisha. Zikiwa zimeongezeka, usijaze. Utakuwa unaongeza uzito juu ya kitu kinachotembea. Ama subiri msimu mwingine, ama fukua ujaze upya kwa matabaka.

Dalili: kapeti limekunjamana

Tofautisha mikunjo miwili. Kuna unaotokea saa saba mchana na kupotea asubuhi. Huo ni joto. Plastiki hutanuka, na jua kali la Septemba linaweza kupandisha uso wa nyasi bandia kupita nyuzi joto 60. Kapeti lililotandikwa asubuhi ya baridi, likakatwa barabara mpaka ukingoni na kufungwa siku hiyohiyo, mchana halina pa kwenda ila juu. Marobota yafunguliwe na kulazwa yajinyooshe walau usiku mmoja kabla ya kukatwa. Kwa kapeti lililokwisha kufungwa, fungua upande mmoja asubuhi, livute, punguza kidogo kilichozidi, kisha ongeza mchanga. Mchanga ndio uzito unaolituliza kapeti. Nyuzi za milimita 20 zinahitaji mchanga karibu kilo 25 kwa mita ya mraba, yaani tani 5 kwa kiwanja hiki. Wengi huweka nusu yake, wakiona inatosha kwa macho.

Mkunjo wa pili haupotei, na ukiukanyaga unasikia pana kitu chini au pana uwazi. Inua uangalie. Inaweza kuwa msingi umesombwa na maji, au mzizi wa mwembe, au mchwa. Mchwa hawali nyuzi za plastiki, lakini hujenga, na kichuguu kinachoanza chini ya kapeti kinalibinua. Wanafuata mbao: ukingo uliofungwa kwa fito za mbao ni mwaliko kwao. Toa mbao, jenga ukingo wa zege.

Dalili: maungio yanaachia

Marobota yanayopatikana huwa na upana wa mita 2 au 4. Ya mita 4 ni bora kwa sababu maungio yanapungua. Kwa kiwanja hiki, yakilazwa kwa urefu unahitaji vipande vitatu vya mita 20 na utatupa nusu ya kimoja. Yakilazwa kwa upana vipande vitano vya mita 10 vinatosha, mradi umepunguza urefu wa kiwanja kwa sentimita chache, kwani kingo za kiwandani lazima zikatwe kabla ya kuunga. Kwa namna zote mbili utapata mita 40 za maungio, na hizo mita 40 ndizo zinazoamua kiwanja kitadumu.

Bandua mahali palipoachia usome gundi. Gundi ikiwa kwenye utepe unaolazwa chini ya mshono tu na mgongo wa kapeti umebaki msafi, kapeti lililazwa gundi ikiwa imeshaanza kukauka, au halikukandamizwa. Ikiwa imejaa mapovu kama mkate, ilipakwa kwenye unyevu. Gundi ya polyurethane ikikutana na maji huumuka na kukosa nguvu. Ikitoka na vumbi, msingi haukufagiliwa. Na kama haikukauka kabisa, bado inanata baada ya wiki, gundi ya makopo mawili haikuchanganywa kwa kipimo au imepitwa na muda. Usipake mpya juu ya kuukuu. Kwangua, weka utepe mpya, acha nafasi ya milimita 1 au 2 kati ya vipande, zuia nyuzi zisiingie kwenye gundi, kisha panga mifuko ya mchanga juu ya mshono mpaka kesho. Kazi hii ifanyike Juni hadi Agosti. Anayekuahidi kuunga Januari, kati ya mvua na mvua, mwombe asubiri.

Ukiona mistari ya rangi, kipande kimoja kijani kibichi na kingine kama kimefifia, usidhani umeuziwa marobota tofauti. Nyuzi hulala upande mmoja, na kipande kilichogeuzwa kinaakisi mwanga kivingine. Hakina madhara kwa mchezo. Kukigeuza ni kufungua maungio mawili, na mimi nisingefanya.

Dalili ndogondogo

Mpira unadunda pengine na pengine haudundi: mchanga umehama. Mahali pa golini na chini ya wavu hupungua haraka. Sambaza kwa ufagio mgumu, ukifagia kinyume na nyuzi zinapolala. Mpira wa kikapu ni habari nyingine. Nyasi ndefu zinaua mdundo, na anayetaka kikapu aache kipande cha zege tupu.

Utelezi na rangi ya kijani kibichi yenye harufu: kivuli, kwa kawaida cha mwembe. Punguza matawi, fagia majani kila wiki, sugua kwa maji na sabuni kidogo. Mchikichi ulio karibu nao unaangusha matunda yenye mafuta. Okota kabla hayajakanyagwa, kwa sababu doa la mawese linashika vumbi na sisimizi.

Nyuzi zilizoyeyuka kwa mstari, pasipo moto wowote: tazama madirisha. Vioo vya kuakisi, vinavyopendwa kwenye madirisha ya aluminiamu, vinaweza kurusha jua mpaka likaunguza nyasi. Simama hapo saa tofauti uone mwanga unapopita, halafu panda kitu au tundika pazia nje. Zikiwa zimeyeyuka kwa duara, ni jiko la mkaa, na hilo ni la kuzungumza na wenye nyumba. Vilevile dagaa na mihogo visianikwe pale hata kama panaonekana pasafi kuliko mkeka. Harufu ya dagaa ikishaingia mchangani, mchanga huo utautoa.

Chembechembe nyeusi za raba zinazojazwa kati ya nyuzi zinapotea: zimesombwa, na mlimani haziwezi kubaki. Ni nyepesi, mvua inazibeba hadi mtaroni, na mitaro ya mjini Kigoma inaishia ziwani. Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ulipitisha katazo la kuuza chembechembe za namna hiyo, na viwanja vikapewa miaka 8 ya kujiandaa. Sisi tunaokunywa maji ya ziwa hili na kula migebuka yake tusingoje kuambiwa. Chagua kapeti la nyuzi fupi linalojazwa mchanga. Anayetaka nyuzi za milimita 40 au 50 kwa ajili ya soka ajaze mchanga zaidi na kuinua ukingo wa zege sentimita 5 juu ya kapeti, upande wa chini hasa, na kuweka kichujio kwenye mdomo wa kila mtaro.

Nguzo za wavu zinazoyumba: zilisimikwa baada ya kapeti, kwenye shimo fupi. Upepo wa ziwani ukikamata wavu, nguzo inafanya kazi ya mlingoti. Shimo lisipungue sentimita 60, na kwenye kifusi liende mpaka likutane na udongo mama. Kapeti hukatwa kuizunguka nguzo baadaye, likaachiwa nafasi ya kidole.

Kabla fundi hajaondoka, mwambie asichukue mabaki. Vipande vya kapeti hilohilo, utepe uliobaki na mfuko mmoja wa mchanga mkavu vihifadhiwe ndani, mbali na jua, kwa kuwa rangi ya robota jipya utakaloagiza baada ya miaka mitatu haitafanana na hili.